Mkaguzi aliyetangaziwa ujio

Ndugu, unauliza kwa nini wakaguzi wa makao makuu wanazunguka ofisi za wilaya kila mwaka na hawakuti kitu. Wakute nini, wakati barua ya ujio imeshatangulia? Rejista zimejazwa usiku, na mafuta ya gari la mkaguzi analipa meneja wa ofisi hiyo hiyo inayokaguliwa! Waje kwa kushtukiza. Watoe kwenye mfumo orodha ya kontroo namba (namba za kulipia huduma za serikali) zilizolipwa, waioanishe na mafaili yaliyomo kabatini: aliyelipa mwezi wa tatu, mbona hati yake bado haijasainiwa? Wakae pia na wateja pale kwenye benchi, wasikilize. Ila kuna kikwazo: hapa Tanzania mkaguzi wa ndani anaripoti kwa Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, bosi yule yule wa meneja.