Mnaoanza kazi melini, someni kwanza ajali ya MV Bukoba

Vijana mliopata kazi kwenye meli za Ziwa Victoria, mtafundishwa kufunga kamba na kuosha sitaha. Mimi nawaomba muanze na MV Bukoba. Ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza baada ya kutoka Bukoba na kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 hivi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 800 au zaidi, na idadi kamili haijulikani hadi leo kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Kwa hiyo ukipangwa langoni, andika kila anayepanda, hata mtoto wa mgongoni. Idadi ikitimia, funga, hata kama aliyebaki gatini ni mjomba wako.

Mzigo nao una mambo yake, na hapa wengi hudanganyika. Wanauliza tani ngapi, hawaulizi zimekaa wapi. Mikungu ya ndizi ikiwa ngamani, yaani chini kabisa ndani ya meli, huituliza meli. Ikirundikwa sitaha ya juu, mikungu ile ile huifanya iwe nyepesi kupinduka. Chunguza meli inavyoyumba. Ikilala upande kisha ikarudi upesi, iko salama. Ikilala, ikakawia, halafu ikarudi polepole, abiria watasema leo safari ni tulivu, kumbe ndiyo dalili mbaya. Mwambie nahodha papo hapo, usiogope cheo chake.

Abiria pia ni mzigo, tena unaotembea. Wakiona gati wote husogea upande mmoja. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya 220. Waketisheni abiria mpaka kamba zifungwe.

Linaloniuma zaidi ni la uokoaji. MV Bukoba ilipopinduka, tumbo lake lilibaki juu ya maji na ndani mlikuwa na watu hai. Waokoaji, kwa nia njema, wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiiinua meli ikatoka, nayo ikazama pamoja nao. Mkisikia watu wakigonga kutoka ndani, msikimbilie kukata chuma. Iteni wazamiaji, na ilindeni ile hewa. Fundi mitambo wa MV Nyerere alikutwa hai ndani ya kivuko siku mbili baada ya ajali.