Vitana kumi na tisa kwenye mkeka

Mdogo wangu unayeanza kusuka watu nyumbani hapa Dodoma, kabla hujaenda Majengo kununua kitana kingine, tandika mkeka barazani umwage vifaa vyote ulivyonavyo. Vya kwenye kapu, vya juu ya kabati, na vibanio vilivyojificha chini ya kochi. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilihesabu vitana 19. Nilivyokuwa nikivitumia kweli ni vitano. Wingi ule ndio uliokuwa ukinifanya nisioshe: kimoja kikichafuka, nachukua kingine, hadi sijui tena kipi ni kisafi.

Wakati huo mama mmoja alimrudisha mtoto niliyemsuka wiki chache nyuma, kichwa kina mapunye. Nilimkumbuka mtoto aliyetangulia siku ile. Nilikuwa nimeyaona mabaka yake, na kitana kilekile nikakipitisha kwa wa pili. Kosa lilikuwa langu na linaniuma mpaka leo. Mapunye ni fangasi, na husafiri kwa kitana, brashi na taulo. Yakishaingia kwenye mzizi wa unywele, kupaka peke yake hakutoshi, mtoto anahitaji dawa ya kunywa kutoka hospitali. Ukiona mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, usisuke. Mwite mama pembeni umwambie kwa upole.

Sasa rudi mkekani. Kitana chenye jino lililovunjika au kilichoungua kitupe leo, kwa sababu kinakata nywele za watu. Mafuta na jeli geuza kopo utafute alama ya kikopo kilichofunguliwa: 12M maana yake miezi 12 tangu ulipokifungua. Vinavyobaki vipime kwa vichwa unavyosuka kwa siku. Ukisuka wanne, weka seti nne za kitana cha mkia na kitana kipana, pamoja na moja ya akiba. Kilichotumika kinaingia kwenye beseni, hakirudi mezani mpaka kioshwe.

Kuosha kuna mpangilio wake, na wengi wanauruka. Toa nywele kwanza, loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, sugua katikati ya meno kwa mswaki wa zamani, suuza. Ndipo uweke jiki, maana jiki huishiwa nguvu ikikutana na mafuta na uchafu. Kama chupa imeandikwa 3.5%, pima kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji, acha dakika 10, suuza tena. Sindano za kushonea na klipu za chuma usizisahau humo, zitashika kutu. Ukishaziosha, zifute kwa spiriti. Brashi yenye mto wa mpira usiizamishe, maji yatabaki ndani; ioshe juu juu, uilaze meno yakitazama chini.

Maji yetu ya visima huacha ukoko mweupe wa chumvi kwenye vifaa. Ndimu au siki inautoa vizuri, ila siku nyingine, kwenye chombo kingine. Ndimu au siki ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na sebule zetu ni ndogo.

Usianike nje. Upepo wa kiangazi chetu utakurudishia vumbi lote uliloliosha. Kausha ndani juu ya taulo safi, kisha funga kwenye ndoo yenye mfuniko.

Vumbi hilohilo ndilo linaloua draya. Hewa huingilia nyuma, pale penye wavu, na wavu ukiziba draya hupata joto kupita kiasi na kuanza kunuka kuungua. Chomoa kwenye umeme, iache ipoe, fungua wavu, upige mswaki mkavu kila Jumamosi. Pasi ya nywele ifute kwa spiriti ikiwa imepoa kabisa, kwani spiriti inawaka moto. Waya wake usiuzungushe kwenye mwili wa pasi. Hukatikia shingoni, ndani ya mpira, mahali usipoweza kuona. Ukunje kwa duara pana, uufunge kwa kamba ya rasta.