Shangazi, nimepoteza mkopo wa SACCO kwenye simu

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa sekondari, Nakuru, nina mke na watoto wawili. Nilichukua mkopo wa shilingi 420,000 SACCO nikamwambia mke wangu ni wa ploti. Nikaziweka kwenye programu ya simu ya kubashiri bei za hisa za Marekani. Wiki ya pili nilikuwa na faida ya 90,000. Leo zimebaki 58,000 kwa jumla. Silali hadi alfajiri, nawafokea watoto, wakati mwingine naona heri nisingekuwepo. Chama chetu kina 150,000 na mimi ndiye mweka hazina. Nikizitumia wiki mbili tu, narudisha zote. Nifanyeje?*

Mwalimu mwanangu, ule mstari wa "heri nisingekuwepo" nimeusoma mara tatu. Leo hii piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, uzungumze na mtu. Deni hulipwa na aliye hai, na watoto wako wanakutaka wewe, hata bila ploti.

Pesa za chama usiziguse. Nadhani uliniandikia ili mtu akukataze, basi nimekukataza. Ili 58,000 zirudi kuwa 420,000, lazima zizae zaidi ya mara saba. Hilo kwa wiki mbili ni kubahatisha, na anayebahatisha kwa pesa za chama anatafuta kesi juu ya hasara.

Tena hukuwa unanunua hisa. Programu nyingi za aina hiyo hukukopesha: unaweka 1,000, unashika mkataba wa kubashiri bei wenye thamani ya, tuseme, 20,000. Hisa ikishuka asilimia 5 tu, 1,000 yako imekwisha na mkataba unafungwa, hata kama bei itapanda kesho yake. Wasimamizi wa masoko ya Ulaya, walipoibana mikataba hii mwaka 2018, walieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida hupoteza pesa. Kwa hiyo usijiite mjinga. Zile 90,000 za wiki ya pili ndizo zilizokuumiza, kwa sababu zilikufanya uamini kwamba umeujua mchezo.

Rika langu tunakumbuka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa shilingi 5 na watu wakakimbilia mikopo ya benki ili wazipate. Mwanzoni mwa 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa akiba yake aliumia, lakini aliweza kungoja, na mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Aliyekopa hakuwa na muda huo, benki ilitaka chake kila mwezi. Wewe umekopa mara mbili, SACCO na ndani ya programu yenyewe.

Sasa nikuulize. Soko la New York hufungwa saa tano au saa sita usiku kwa saa zetu. Saa tisa usiku unatazama nini? Soko lenyewe limeshafungwa saa hizo. Kinachokukesha ni ile ploti isiyokuwepo. Kila siku unarudi sokoni ili usilazimike kumweleza mkeo, na kila siku maelezo yanazidi kuwa marefu.

Kwa hiyo funga mikataba yote leo, toa hizo 58,000, ufute programu. Hazina ya chama mkabidhi mwenzako. Kisha nenda ofisi ya SACCO kabla hujashindwa kulipa, uombe muda urefushwe. Wadhamini wako bila shaka ni walimu wenzako. Ukiacha kulipa, wao ndio watakatwa, na hilo utaliona machoni mwao kila asubuhi mkikutana ofisini.

Mkeo atakasirika. Huenda akaenda kwa dada yake siku kadhaa, mwache aende. Mpe karatasi za SACCO mkononi, mwonyeshe na salio, usipunguze hata shilingi moja. Na usianze kwa "nilifanya kwa ajili yenu". Anza na ploti, kwamba haikuwepo. Mwambie usiku huu, watoto wakishalala, saa zile ambazo ungekuwa umeinamia simu.