Kabla hujavunja ukuta wenye faya plesi, soma yaliyonikuta

Juzi Jumamosi kuna dada wa Bukoba kanitumia meseji: "Shikamoo dada, nimenunua nyumba ya zamani ina faya plesi sebuleni, lile shimo la ukutani la kuwashia moto, nataka nivunje ukuta sebule iungane na jiko, wewe ulifanyaje maana kwenye picha yako imekaa vizuri sana." Nikacheka peke yangu. Imekaa vizuri! Mdogo wangu, ungeiona miaka mitatu iliyopita.

Sisi tuko Isamilo, kule juu kwenye majabali, nyumba ya siku nyingi, vyumba vidogovidogo na korido kama ya zahanati. Nani aliona Mwanza inahitaji faya plesi sijui, huku mchana nyuzi 28 na usiku ukipoa sana ni 17, lakini ipo, tena iko kwenye ukuta uleule unaotenga sebule na jiko. Mume wangu alisema ing'olewe. Mie nikasema haing'oki ng'o, nataka ile ya kwenye picha, moto katikati, watu wamezunguka, anayepika anapiga stori na wageni. Mnaijua hiyo picha, kila mwenye simu na ndoto ya nyumba anayo.

Fundi wa kwanza akaja na tindo akaanza kuchimba chini. Chini jamani! Chimni yote mpaka inatokeza juu ya bati uzito wake umekalia pale, ukila miguu huku juu kunabaki kunaning'inia. Nilikuwa napeleka chai ya mafundi nikasikia kama mchanga unamwagika ndani ya ukuta, mara tofali likashuka pu, mara masizi, wingu jeusi mpaka chai ya maziwa ikawa ya rangi. Fundi akaniangalia akasema, "Mama, hii nyumba ina mambo." Akaondoka na advansi yangu. Nimesamehe ila sijasahau.

Habari za kifusi na vumbi naziruka. Faya plesi na chimni yake tukaiacha imesimama kama kisiki cha mbuyu, ukuta ukavunjwa pande zote mbili, linta, yaani boriti ya kubeba uzito, ikapita juu. Halafu nikaja na akili yangu nyingine, kwamba huu ni mji wa mawe, kwa nini nibandike taili? Nikanunua mawe yaliyochongwa, graniti yetu hii hii, nikabandika nje, nikabandika mpaka ndani kabisa panapokaa moto, na mdomo wa faya plesi tukaupanua ili upendeze. Ulipendeza, siwezi kusema uongo.

Mwezi wa nne, masika imechanganya, nikaita watu. Mama mkwe katoka Magu, mashemeji, majirani. Sato wanakaangwa, feni ya jikoni inavuta, madirisha tumefunga sababu ya mvua, nikawasha moto wangu. Dakika kumi hazikufika moshi ukagoma kupanda, unatoka mdomoni unajipinda chini ya linta unaelekea jikoni kama umeitwa. Watu machozi yanawatoka, mie natabasamu nasema ni kuni mbichi, ghafla pah! Kipande cha jiwe kikaruka kikatua kwenye zulia kikatoboa. Shemeji yangu mmoja alikuwa anarekodi, na video ilifika kwenye grupu la ukoo kabla sato hawajapoa. Mama mkwe akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa tulipo ni sebuleni au jikoni?"

Swali hilo nililala nalo siku nyingi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwashi, mume wangu alimtafuta kimyakimya. Alikuja mikono mitupu akaomba udi, nikajua tumeletewa mganga. Akawasha kijiti akakishika pale mdomoni, moshi ukapanda. Akasema washeni feni ya jikoni, moshi ukapinda ukaja kwetu. Akasema fungueni dirisha, ukapanda tena. Basi, ndo hivo tu. Feni inatoa hewa nje kwa hiyo lazima iipate mahali, zamani ukuta ulikuwa unatenga jiko na sebule, sasa umevunja na madirisha umefunga, inaivuta kwenye chimni na moshi unakuja nayo.

Akapima. Njia yetu ya moshi ni sentimita 20 kwa 25, yaani sentimita za mraba 500, mdomo tuliokuwa tumeupanua 100 kwa 80, yaani 8,000. Hesabu yake ni kwamba njia isipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo, piga mwenyewe uone aibu yangu. Akaupunguza mpaka 80 kwa 60.

Kuhusu mawe alinicheka kabisa. "Mama, hujawahi kuona wapasua kokoto?" Nimewaona tangu mtoto, wanawasha moto juu ya jabali mpaka lipasuke! Na mie nimeenda kulipia jabali likae ndani ya moto. Ndani akajenga matofali yanayostahimili moto, mawe yakabaki nje. Juu ya chimni akafunga wavu wa chuma, maana popo walishakuwa wapangaji na wale wadudu wa ziwani wakija jioni kama wingu hakuna tundu wanalolikosa.

TV nilikataa kuiweka juu ya moto, joto linapanda. Iko ukuta wa pembeni, ukikaa mezani kile kisiki kinakuziba, Yanga ikicheza mume wangu anaona goli la upande mmoja tu. Anavumilia.

Sasa nyie mnaotaka nyumba ya wazi, nisikilizeni. Jaribuni na udi KABLA. Fundi akianza chini mtoeni. Dirisha liachwe wazi kidogo feni ikiwaka. Na jaribuni na udi. Shida yetu tunataka picha kabla ya nyumba, tunamuamini mtu aliyepiga picha huko nje kuna theluji, mzee wa mtaani aliyejenga miaka 40 tunaona aibu kumuuliza, halafu tunasema mafundi wezi. Kiburi ndugu zangu, mie nilikuwa nacho cha kutosha kugawa. Na jiko la mkaa usiingize humo usiku eti kuna baridi, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wamelala.

Wiki iliyopita ilinyesha kutwa nikawasha kidogo. Mama mkwe yupo kwetu, kavuta kigoda chake, kafukia viazi vitamu vitatu kwenye majivu. Nikamwambia, "Mama, hapo ni sebuleni." Akasema bila hata kugeuka, "Ukuta ulivunja wewe, mimi nitajuaje?"

Dada wa Bukoba, picha ya mbele nimeiona. Nitumie ya chimni ilivyotokeza juu ya bati, na unipimie mdomo.