Kicheko kwenye filamu ya msiba

Ndugu, umeuliza utachekeshaje kwenye filamu ya dakika 10 kuhusu mjane bila kuwaudhi waliofiwa. Mlete mtani, yaani mtu wa kabila linaloruhusiwa na mila kutaniana na kabila la wafiwa. Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi ana ruhusa ya kuvaa kanzu ya marehemu, kuiga mwendo wake, hata kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Kicheko hicho kina mwenyewe, hakimkeri mtu.

Mjane acheke mara moja tu, kwa sababu mwendo umeigwa sawasawa. Kamera ibaki usoni mwake, bila muziki, mpaka kicheko kigeuke kilio. Usikate mapema, nakuomba! Penzi lote la mjane na marehemu mumewe limo humo. Harusi yao huna haja ya kuionyesha. Sauti za masufuria ya ubwabwa zirekodi kando.