Kabla hujaagiza panya wa utafiti wa magoti

Wanafunzi wa uzamili huniuliza sana: nitumie mnyama gani kuchunguza kusagika kwa magoti? Nami huwauliza: unachunguza maumivu, au unachunguza gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, inavyoharibika? Mnyama anayefaa kwa hili si lazima afae kwa lile.

Kama ni dawa ya maumivu, panya aliyechomwa sindano ya monosodiamu iodoasetati gotini atakufaa. Kemikali hiyo huzizuia seli za gegedu kupata nishati kutoka kwenye sukari, zinakufa, na baada ya siku chache mnyama haukanyagii mguu vizuri. Ila usidai umeuona ugonjwa wa bibi yako. Bibi hakuchomwa sumu. Goti lake limechakaa taratibu. Kwa uchakavu wa namna hiyo nawapenda simbilisi wa Dunkin Hartley, aina ya simbilisi wa maabara, ambao huugua wenyewe bila kuguswa na kisu, japo inabidi uwe na subira.

Kwa goti lililoumia, kama la mwanasoka, wengi tunafanya DMM, yaani upasuaji wa kuilegeza menisko ya ndani (kipande cha gegedu kilicho kama mto kati ya mifupa ya goti): unakata ligamenti ndogo inayoishikilia menisko hiyo kwenye mfupa wa ugoko wa panya mdogo (mouse, si rat), basi, goti linalegea na gegedu inaanza kulika. Hapa kuna jambo watu hulipitia juu juu. Madume huharibika zaidi kuliko majike, kwa hiyo maabara nyingi hutumia madume tu, wakati kwa binadamu wanaougua zaidi ni wanawake! Ukitumia madume peke yao, liandike hilo waziwazi.

Tena gegedu ya panya mdogo ni safu chache tu za seli. Ya goti la mtu hufika milimita 2 na zaidi. Dawa inayopenya kule kirahisi huenda isipenye huku. Ndiyo maana wengine humalizia kwa kondoo, ila hilo ni la wenye bajeti.

Kwenye slaidi, rangi ya safranini-O huipaka gegedu yenye afya wekundu, na iliyopoteza proteoglikani (molekuli zinazoshikilia maji ndani yake) hupauka. Lainisha mfupa kwa EDTA, kemikali inayoondoa kalsiamu polepole, hata ikichukua wiki kadhaa. Asidi kali ni ya haraka, lakini huondoa wekundu huohuo unaoutafuta, ukadhani ni ugonjwa.

Weka pia kundi la upasuaji wa geresha: goti lifunguliwe na kushonwa, ligamenti isiguswe. Na anayepima slaidi aone namba tu. Orodha ya makundi akae nayo mtu mwingine.