Madogo wa histolojia (somo la tishu kwenye darubini), mtanitoa roho

Jana nimepita lab nikamkuta dogo wa mwaka wa kwanza na slaidi ya ovari, kaivamia na lenzi ya 40 (ile inayokuza sana) moja kwa moja, anazungushaaa, "braza hiki ni nini?" Nikacheka, halafu ikaniuma maana yule ni mimi kabisa. Haya sikilizeni.

1. Anza na lenzi ya 4, tafadhali. Kwenye spoti yangu (mtihani wa kutambua slaidi, kengele ikilia unahama) aliyenitangulia aliiacha darubini kwenye 40, tuliruhusiwa kugusa ila mimi kwa presha ya kengele nikachungulia hivyohivyo, naona shimo limejaa maji ya pinki, pembeni seli. Nikasema koloidi hii, ule uteute wa tezi ya shingoni! Nikaandika TAIROIDI, kwa herufi kubwa. Sasa sehemu b inauliza yai la hapa limesimama hatua gani ya meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai), mimi nikanyoosha mkono kumwambia msimamizi swali limekosewa. Wallahi. Akaniangalia, akasema "endelea tu kijana". Nje wenzangu wanajadili antramu (ndo lile shimo la maji), mimi kimya, nahesabu siku za sup (mtihani wa marudio). Lilikuwa folikuli kubwa tu, yaani kifuko cha yai ndani ya ovari, kisu kimepita pembeni ya yai ndo maana halikuonekana. Na tairoidi ina safu moja ya seli, granulosa (seli zinazozunguka yai) zilikuwa safu kibao mbele ya macho yangu! Ningeshuka mpaka 4 ningewaona praimodia (folikuli changa kabisa) wamejazana chini ya tunika (ganda la ovari) kama abiria wa daladala saa 12 jioni, na kesi ingeisha. (Jibu la b ni profezi ya kwanza, hatua ya mwanzo ya meiosisi, limesimama hapo tangu mwenye ovari akiwa tumboni kwa mama yake.)

2. Praimodia seli bapa, praimari (hatua inayofuata) inapoanza seli kama tofali, zote safu moja.

3. Sekondari (hatua baada ya praimari) vitabu vinagombana, vingine vinaanza kuhesabu safu zikizidi moja, vingine mpaka antramu itokee, we fuata anayetunga mtihani.

4. Zona pelusida (utando unaozunguka yai) imekunjamana na yai halieleweki? Hiyo atresia, folikuli imekufa kabla ya kutoa yai, acheni kuita kila kilichokufa kopasi albikansi (hilo ni kovu linalobaki baada ya yai kutoka). Mtoto anazaliwa na mayai kama milioni 1 hadi 2, yanayokuja kutoka maisha yote ni kama 400, sasa hayo mengine mlidhani yanaenda wapi?

5. Choreni kwa mkono. Yule dogo nimemwambia hivyohivyo, akaitikia vizuri "sawa braza", akatoa simu akapiga picha. Bado iko kwenye 40.